Diski Isipofunguka, Tusikimbilie Kuifuta



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidharau mpaka siku litupatapo. Jambo lenyewe ni ile diski ya nje, kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ambacho siku hizi ndicho kabati la shule. Maoni yangu ni haya: diski ikikataa kufunguka, mara nyingi kinachopoteza mali iliyomo si ugonjwa wa diski, bali ni haraka ya mwenyewe. Nami sisemi kwa kusikia. Mwaka jana nilibakiza kubonyeza mara moja tu niwe mfano mbaya kwa shule nzima.

Katika diski ile mlikuwamo alama za mitihani ya ndani za miaka minne, maswali ya mitihani ya zamani, na kitu kimoja ambacho hakinunuliwi dukani: sauti za wazee. Wanafunzi wa somo la historia walikwenda vijijini wakati wa likizo, upande wa Kibondo na upande wa Kasulu, wakawarekodi wazee wakisimulia habari za Buha ya zamani, safari za kufuata chumvi ya Uvinza, na vijana waliokwenda Tanga kukata mkonge. Mmoja wa wazee wale amekwisha kufariki. Nakala ya sauti yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa katika diski ile. Mtunzaji wake nilikuwa mimi.

Asubuhi moja nikaichomeka. Taa ikawaka, ikasikika ti-ti-ti, kisha kimya. Nikaichomoa nikairudisha. Safari ile kompyuta ikaiona, lakini ikaandika kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, maana yake ipangwe upya kana kwamba haijapata kuandikwa kitu. Kompyuta ikangoja jibu langu. Nami nilikuwa na kipindi, kengele imekwisha kulia, basi nikapeleka kipanya kwenye neno la kukubali. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amekuja kuchukua madaftari, akaniambia, "Samahani mwalimu, zile sauti za wazee si zimo humo?"

Nikauondoa mkono. Mpaka leo namshukuru mtoto yule.

Jumamosi nilikuwa na safari ya Kasulu. Nikaiviringisha diski katika sweta, nikaipakata magotini ndani ya basi, vumbi jekundu la kiangazi likituingilia madirishani. Fundi wa kwanza niliyempata mjini alikuwa kijana mchangamfu. Akasema, "Hii nitaifomati, mwalimu, itakuwa mpya kabisa." Nikamwuliza, "Na vilivyomo?" Akajibu, "Hivyo vitaondoka." Nikamwaga.

Wa pili alikuwa mzee aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Waya wake uko wapi?" Sikuulizwa juu ya diski, niliulizwa juu ya waya. Nilipomtolea, alicheka taratibu. Waya wa asili ulikuwa umeazimwa na mtu ofisini haukurudi, nami nilikuwa nimechukua waya wa kuchajia simu, kwa kuwa kichwa chake huingia katika nusu ya tundu la diski. Tena niliuchomeka katika kile kigawanyio chenye matundu manne kisicho na umeme wake chenyewe. Mzee akatoa waya mfupi na mnene, akauchomeka moja kwa moja katika kompyuta yake, na mafaili yote yakajipanga mbele ya macho yangu. Malipo yalikuwa shilingi 8,000, bei ya waya. Na shauri lake lilikuwa la bure: "Kabla hujafurahi, nakili kwanza."

Ndugu wasomaji, yafaa tufahamu sababu yake. Ndani ya diski hizi, zile za namna ya sahani, mna sahani ngumu zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kidole chembamba kinachosoma juu yake. Kuianzisha sahani kuzunguka kwataka nguvu zaidi kuliko kuiendesha ikiwa imekwisha kuzunguka. Mtazameni mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi katika milima ya Kasulu: kazi kubwa ni pale anapoing'oa mahali iliposimama. Tundu la kawaida la USB ya zamani, ile ya 2.0, limepangiwa kutoa miliampea 500, na lile la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu, miliampea 900. Ziko diski ambazo katika sekunde za kwanza hutaka zaidi ya miliampea 500. Zikikosa, taa huwaka, sahani hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Ndiyo ile ti-ti-ti. Mgonjwa wetu alikuwa na njaa tu, nasi tulikuwa tukimchimbia kaburi.

Kwa hiyo naomba kila mwenye diski afuate utaratibu huu, akianzia nje na kuingia ndani. Kwanza abadili waya, atumie ulio mfupi na mzima. Pili abadili tundu: aache vigawanyio, na kama kompyuta ni ile kubwa ya mezani, atumie matundu ya nyuma. Tatu aijaribu diski katika kompyuta nyingine, maana yawezekana mgonjwa ni kompyuta. Nne, kama diski yazunguka vizuri lakini haionekani, aingie katika sehemu ya Windows ya kusimamia diski, atazame kama imekosa herufi ya kuitambulisha. Kuipa herufi hakufuti kitu. Tano, akiona majalada yake yamegeuka njia za mkato, asilie wala asifute kila kitu: kuna virusi vinavyoyaficha mafaili namna hiyo, na mara nyingi mafaili yenyewe bado yamo. Asafishe virusi kwanza, kisha ayafichue.

Baada ya hayo, kompyuta ikizidi kuomba ifomati, jibu ni hapana, mpaka vilivyomo vimenakiliwa au mwenyewe amekubali kuvikosa. Fomati ya haraka hufuta zaidi orodha ya vitu, na fundi mzuri aweza kuokoa mengi. Lakini ile fomati ndefu, tangu Windows Vista, huandika sifuri juu ya diski yote, na hapo hapana wa kuokoa. Hata ile programu ya kukagua na kurekebisha diski ingoje, kwa maana diski iliyochoka yaweza kuzimika kabisa katikati ya matengenezo. Nakala kwanza, dawa baadaye.

Uko pia ugonjwa wa kweli. Diski iliyoanguka chini, au inayogonga-gonga hata ikipewa umeme wa kutosha, izimwe mara moja, kwani kila dakika ya kuiwasha ni mkwaruzo mwingine. Isifunguliwe kwa bisibisi. Kile kidole huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, na punje moja ya vumbi la Kibondo ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara elfu na zaidi. Wala isitiwe katika friji, kama wengine washaurivyo. Itatoka na unyevu, na unyevu utaimaliza.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Waya mbovu ni kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa la kuweka sauti ya marehemu na alama za watoto wa watu mahali pamoja tu. Diski ya kwanza ya kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na ilichukua herufi milioni 5 tu. Kisanduku cha terabaiti 1 kinachoingia mfukoni huchukua kiasi cha mara 200,000 ya hizo. Basi leo twaweza kuangusha sakafuni, kwa kujikwaa mara moja, kazi ambayo zamani isingebebwa na malori. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: na daftari moja lisilo na nakala ni nusu ya daftari.

Najua watakaonipinga. Mmoja atasema kwamba umeme sasa si kama zamani. Miji yetu ya Kibondo na Kasulu, baada ya miaka mingi ya mitambo ya dizeli, iliungwa katika gridi ya taifa mwaka 2022. Ni kweli, na ni neema kubwa. Walakini umeme wa gridi nao hukatika, na ukikatika diski ikiwa inaandikwa, orodha yake yaweza kuvurugika. Tena wengi wetu huichomoa diski bila kuiaga kompyuta, na hilo halina uhusiano na gridi.

Mwingine atasema tuweke kila kitu kwenye intaneti. Sipingi, lakini tupige hesabu. Gigabaiti 60 kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde zataka saa 26 na dakika 40 bila kukatika, na bando hulipiwa. Alama za mitihani ni faili ndogo. Hizo zipelekwe huko hata leo. Sauti na picha zitangoja zamu yake.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema shule haina fedha ya diski ya pili wakati madawati hayatoshi. Kwake najibu hivi: hatununui diski, twanunua miaka minne ya kazi ya walimu na ushahidi wa kila mtoto aliyepita hapa. Kama fedha ni ndogo, tuanze na flashi moja kwa ajili ya alama peke yake. Wataalamu hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyingine zote. Sisi tuanze na mbili, na ile ya pili isilale chumba kimoja na ya kwanza, maana mwizi na moto havichagui.

Kwa hiyo natoa rai kwa uongozi wa shule, diski ya pili ipangiwe fedha kabla ya mwaka ujao, na siku ya mwisho ya kila muhula iwe siku ya kunakili, ikiandikwa katika daftari na kutiwa sahihi na watu wawili. Kwa walimu wenzangu: waya wa diski ufungwe pamoja na diski, usiazimwe. Kwa wazazi mlio na picha za arusi na za marehemu katika diski moja kabatini: itoeni wiki hii, mnakili. Na kwa wanafunzi: mkimwona mwalimu wenu ana haraka, mwulizeni kwa adabu kama alivyofanya yule binti. Kuuliza si utovu wa adabu.

Sauti ya mzee yule sasa iko mahali pawili, na mjukuu wake amekwisha kuisikiliza. Mimi nimeusikiliza mkanda huo mara nyingi, na kila mara nafika mahali anapocheka, nakumbuka kipanya kilipokuwa kimesimama.

Ni mimi wenu,
Mwalimu mtunza chumba cha kompyuta