Malewa, butiki na watoto wetu



Mwisho wa mkutano wa juma lililopita, likelemba ikiwa imekwisha kuhesabiwa, simu ya mmoja wetu ilizunguka mikononi. Ndani yake kulikuwa na picha kutoka Brussels: mjukuu wake ameketi kwenye kiti kirefu katika mkahawa, mbele yake kalamu za rangi, karatasi, na sahani ndogo yenye chakula cha kipimo chake. Maswali yakaanza. Ni kweli kule Ulaya kuna maduka na mikahawa iliyopangwa kwa ajili ya watoto? Nani analipa? Na sisi hapa je? Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu, na swali la mwisho ndilo litakalochukua nafasi kubwa.

Ndiyo, ni kweli. Duka kubwa la vyombo vya nyumba la Wasweden, IKEA, ambalo lina majengo katika miji mingi ya Ulaya, lina chumba cha michezo katika maduka yake mengi. Wanakiita Småland, jina la jimbo la Sweden alikozaliwa mwenye kulianzisha duka hilo. Mzazi anamwandikisha mtoto mlangoni, anaingia kununua, kisha anarudi kumchukua. Halipi kitu. Msidhani ni huruma tupu: mama ambaye mtoto wake halii atatembea polepole, na anayetembea polepole dukani hununua zaidi. Wafanyabiashara wale wanajua hesabu yao.

Kiti kirefu nacho kina hadithi. Mwaka 1972 mbunifu wa Norway, Peter Opsvik, alitengeneza kiti cha mbao kiitwacho Tripp Trapp. Ubao wa kukalia na ubao wa kuwekea miguu vinapandishwa na kushushwa kadiri mtoto anavyokua. Alitaka mtoto aweze kuketi kwenye meza ileile ya wakubwa, badala ya kulishwa pembeni. Wenye mikahawa walinunua viti vya namna hiyo, na leo mzazi akiingia huuliza kiti cha mtoto kama vile anavyouliza kijiko.

Tena kuna sheria. Katika Uingereza, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakataza duka au mkahawa kumfukuza mama kwa sababu ananyonyesha. Scotland walitangulia: tangu mwaka 2005 ni kosa kumzuia mtu kumlisha maziwa mtoto wa chini ya miaka miwili mahali pa watu wote. Na Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2022, mikahawa inapaswa kuwaonyesha wateja kwamba wanaweza kuomba maji ya kunywa bila malipo. Mama mwenye watoto watatu wenye kiu anaelewa mara moja faida yake.

Lakini tusiipake Ulaya asali. Sheria ikiandikwa, ni kwamba kuna mtu alikuwa akisumbuliwa. Mwaka 2014, sheria ya Uingereza ikiwa na miaka minne tayari, katika hoteli moja ya kifahari ya London mama aliyekuwa ananyonyesha aliletewa kitambaa cha meza ajifunike. Wamama wengine walipopata habari, walikwenda kuketi nje ya mlango wa hoteli na kunyonyesha watoto wao hapo, barabarani, katika baridi ya Desemba. Na mwaka 2018 mkahawa mmoja katika kisiwa cha Rügen, Ujerumani, ulitangaza kwamba tangu saa kumi na moja jioni hautapokea watoto wa chini ya miaka 14, kwa kuwa wanapiga kelele na wazazi hawawaonyi. Wateja wengine walikasirika, wengine walishangilia.

Hata wao kwa wao hawakubaliani mtoto awekwe wapi. Wamama wa Denmark huacha mtoto amelala katika kigari chake nje ya mkahawa, wao wakiwa ndani wanakunywa kahawa na kumtazama kupitia dirishani. Wanasema hewa baridi huleta usingizi mzuri. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alifanya vilevile mjini New York. Polisi walimkamata, na mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa kabla ya kurudishwa kwake. Desturi ileile, kwao malezi, kwa wengine kumtupa mtoto. Tunaisimulia ili mtu asitupe mambo ya kwetu kwa kuona picha moja kwenye simu.

Basi, turudi kwetu.

Mama anatoka Kama kwenda Kindu kwa piki, mmoja mgongoni, mwingine amebanwa katikati yake na dereva, mchele na mawese vimefungwa nyuma. Anauza, ananunua chumvi, sabuni na daftari za shule. Saa sita njaa imewashika wote watatu. Anaingia malewa. Hakuna anayemwambia ajifunike. Anatoa ziwa, anamnyonyesha mdogo huku anakula, na aliye karibu naye kwenye benchi, asiyemjua hata kwa jina, anamwambia: lete nimshike, ule kwanza. Mama malewa mwenyewe ana wake amelala nyuma ya vyungu juu ya kitenge. Mtoto wa kike anaitwa mama, wa kiume anaitwa papa, hata na muuzaji aliyechoka. Wajukuu wetu wa Brussels, wakitaka kuitwa hivyo dukani, inabidi wapelekwe Matonge, kule kwenye komini ya Ixelles, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ambako wazazi wao wananunua sombe na makayabu. Hilo tunalo, na hatukulilipia.

Ila tuseme kweli pia. Kwetu mtoto hafukuzwi, lakini tulipojenga malewa hakuna aliyemfikiria. Tazameni babula iko wapi: chini, kwenye njia ya kupitia. Tazameni karai la mafuta yanayochemka ya mikate: limefika kwenye kifua cha mtoto wa miaka miwili, na mpini wake umeelekea nje. Tumekwisha kuona shuleni watoto wenye makovu ya mafuta mkononi na shingoni, na ukiuliza, mara nyingi jibu ni lilelile: alikuwa anapita tu. Kuhusu maji, beseni moja la kunawia linahudumia wateja tangu asubuhi, la kwanza na la ishirini wanachovya humohumo. Hapa Maniema, na hasa kandokando ya Lualaba, kipindupindu si habari ya redio ya mbali. Mtu mkubwa anaweza kula kwa kijiko. Mtoto anakula kwa vidole vitano, kisha anavilamba.

Butiki nazo zina upande huu na upande ule. Sisi walimu tunawajua watoto wa mwaka wa tatu waliojifunza kutoa hesabu kwa kutumwa chumvi kuliko ubaoni. Kuna mwenye butiki anayemhesabia mtoto franga zinazobaki moja moja mkononi, kwa sauti, kisha anamwambia azikunje ndani ya ngumi. Huyo ni mwalimu mwenzetu, na tungependa serikali imlipe, ingawa tunajua jinsi sisi wenyewe tunavyolipwa. Lakini kuna mwingine anayemwuzia mtoto wa miaka minane dawa za vidonge bila kuuliza ni za nani, au pombe kali ya mifuko midogo kwa kuwa "baba amenituma". Na kuna rafu ambazo sumu ya panya imekaa karibu na biskuti. Mama ukimtuma mtoto, chagua butiki kwa mwenye nayo, usichague kwa ukaribu tu.

Sasa, tufanye nini? Malewa kadhaa za soko zinashikwa na wanamemba wetu wenyewe, basi tuanzie hapo bila kungoja mtu. Katika mkutano tulikubaliana mambo matatu.

La moto ni rahisi kuliko yote: matofali machache ya udongo, babula inapanda hadi kiunoni, mpini wa karai unageuzwa kuelekea kwa mpishi. Ni kazi ya asubuhi moja.

La maji linatumia bidoni. Wengine wenu mliitengeneza wakati wa korona mkaiacha. Bidoni ya lita tano inatobolewa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, upande wa juu karibu na mdomo. Inaning'inizwa kwenye kijiti kilicholazwa juu ya miti miwili yenye panda. Kamba inatoka shingoni mwa bidoni hadi kwenye kijiti kingine kilichoko chini. Ukikikanyaga, bidoni inainama na maji yanatoka kidogo kidogo. Mkono haugusi bidoni, na maji ya mmoja hayamfikii mwingine. Sabuni inatobolewa na kufungwa kamba kando, vinginevyo itakuwa imehama kabla ya saa nne. Fungeni kijiti cha chini karibu na ardhi, mtoto akifikie. Watoto watapenda kukanyaga hata wasipokuwa na mikono michafu, na maji yatapotea kidogo. Waacheni.

La tatu lilileta ubishi mrefu: sahani ya mtoto. Tuchukue mfano. Sahani ya mkubwa ni franga 3000. Mama mwenye watoto wawili hununua moja, wanagawana watatu, naye anabaki kuguguna mifupa. Mama malewa ananung'unika kwamba wamejaza benchi kwa sahani moja. Tuweke sahani ya mtoto kwa franga 1000: wali kidogo, maharagwe au sombe bila pilipili, kipande kidogo cha samaki aliyeondolewa miiba. Mama yule atanunua moja ya mkubwa na mbili za watoto. Mama malewa amepata 5000 mahali pa 3000, na hakuna aliyeondoka na njaa. Mmoja wetu alipinga kwa nguvu: wababa wataiona bei, nao wataagiza sahani ya mtoto! Tulicheka, lakini ana haki, tunawajua. Ndiyo maana tukakubaliana kwamba itatolewa katika sahani ndogo ya plastiki, mbele ya mtoto aliyeketi, na siyo vinginevyo. Wale wa malewa mbili watajaribu mwezi mmoja na kutuletea hesabu.

Kuna jambo ambalo bidoni haiwezi kulitengeneza: choo. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu sokoni anajua tunasema nini, na binti aliye mwezini anajua zaidi. Kila siku tunatoa kodi ya mahali pa kuuzia. Tunastahili kuuliza, kwa heshima na kwa barua iliyoandikwa, sehemu gani ya kodi hiyo itachimba choo chenye mlango unaofungwa. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mama mwajiriwa anayenyonyesha nusu saa mara mbili kwa siku ili amnyonyeshe mtoto wake. Muuzaji wa soko hana mwajiri wa kumwomba nusu saa. Anaye yule anayempa tiketi ya kodi kila asubuhi. Barua tumeanza kuiandika. Anayetaka kutia jina lake amwone katibu, na asiyejua kuandika atasaidiwa, kidole chake kina uzito uleule.

Jumamosi asubuhi tunakutana sokoni, upande wa malewa, kabla moto haujawashwa. Bidoni tano zimekwisha kupatikana. Kamba na sabuni bado. Na kama kuna mwenye sahani ndogo za plastiki asizozitumia, azilete zikiwa zimeoshwa.