Ubakaji haumalizwi nyumbani

Binti wa miaka 14 amebakwa na jirani, na kabla mama hajamfikisha hospitalini wazee wamekwisha kuketi sebuleni. "Mama, tumalize mu familia. Ku parke batakula tu feza yenu." Parke ni ofisi ya mwendesha mashtaka. Maneno haya yanasemwa katika komini zote za mji wa Likasi, Kongo: Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi yenyewe. Wanaoyasema wengi ni watu wa sala, wanaoamini kwamba wanalinda amani ya mtaa na heshima ya mtoto. Nasema wazi: wanayemlinda ni mbakaji.

Tazama jinsi mapatano hayo yanavyokwenda. Mbuzi wanafungwa kwa baba, dola zinahesabiwa na mjomba, karatasi inatiwa sahihi na watu wazima watupu, na msichana anaambiwa arudi shuleni kwa njia ile ile inayopita mlangoni kwa mtu yule. Mazungumzo yanapoingia siku ya nne, saa 72 zimeshapita, na dawa za kuzuia VVU hazina kazi tena. Hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wapatanishi. Pengine msichana anaozwa kwa aliyembaka, eti asibaki na aibu. Hapo wazazi nao wamekuwa wakosaji: kifungu cha 174f cha sheria ya adhabu kinampeleka jela mwaka 1 hadi 12 mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa, na kima cha chini huongezwa maradufu anayeozwa akiwa hajafikia miaka 18.

Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilikwisha kulikata jambo hili. Namba 06/018 inampa mbakaji miaka 5 hadi 20 gerezani. Namba 06/019 inakataza kesi ya namna hii kufutwa kwa faini ya mapatano, inamtaka OPJ, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi, aijulishe parke ndani ya saa 24, na inataka kesi isikilizwe na kuhukumiwa ndani ya miezi 3. Inamtaka pia mwendesha mashtaka au hakimu aite daktari na mwanasaikolojia, wampime mtoto na kueleza matunzo anayohitaji. Baba akirudi kusema "tumesameheana", kesi haifi, kwa sababu haikuwa yake.

Na fidia? Watu husema korti hufunga tu, hailipi. Aliyeumizwa anaweza kuingia katika kesi hiyo hiyo kama parti sivili, yaani mdai wa upande wa aliyeumizwa, na kudai fidia, kwa msingi wa kifungu cha 258 cha sheria ya madai, kilichoandikwa tangu mwaka 1888: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima afidie. Fidia hiyo ni ya mtoto. Mjomba hana fungu ndani yake.

Wanaosema parke inakula pesa hawasemi uongo. Familia huombwa mafuta ya gari, karatasi, bei ya cheti cha daktari, na mama anayeuza mboga sokoni anavunjika moyo. Lakini hasira hiyo imwendee anayekula pesa. Kwa nini ilipwe na mtoto? Asiye na kitu ana haki ya kuomba cheti cha umaskini kwenye huduma ya mambo ya jamii ili asamehewe gharama za korti, na sheria ya mawakili ya mwaka 1979 imeweka ofisi za ushauri wa bure. Watu wengi hawajawahi kuambiwa hata hilo moja.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Sheria namba 22/065 ya Desemba 2022 ilileta FONAREV, mfuko wa fidia unaotengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Ni haki kabisa kwa waathirika wa vita. Msichana wa Kikula aliyebakwa na jirani hayumo, ingawa shaba na kobalti za Katanga ndizo zinazoulisha mfuko huo. Basi na tuangalie karibu: kanuni ya madini ya mwaka 2018 inaupa mji au komini yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Humo ndimo vitoke vyeti vya daktari, nauli na matibabu ya watoto hawa, na meya aulizwe hadharani kabla bajeti ijayo haijapitishwa.