Rimoti tano, benchi moja

Wiki hii nipo Sirari, pale mpakani, na mshikaji wangu mwenye banda umiza. Ana rimoti tano: TV mbili, ving'amuzi viwili, sabufa. Watu wamelipa waone Simba na Yanga, rimoti imedondoka chini ya benchi, wanadai hela yao. Noma! Sasa anataka moja tu.

Zile za kuingiza namba ni bei poa, ila mara nyingi TV zinaijua, king'amuzi zinakikodolea macho. Mimi nilimwambia achukue ile ya kufundishwa: unaielekeza uso kwa uso na ya zamani, unabonyeza kitufe kimoja kimoja mpaka inakili. Kwa hiyo dukani nenda na za zamani zote, betri zikiwa nzima, ujaribu kabla hujalipa.

Kasheshe ni ving'amuzi vya aina moja. Ukibonyeza, vyote vinahama chaneli! Hapo rimoti haina kosa, bwana. Ziba jicho la kimoja kwa utepe mweusi, ukitaka kukibadilisha unabandua.

Mshikaji kanunua. Ya sabufa kagoma kuiunganisha, eti sauti ataishika mkewe mlangoni.