Mwambieni mgonjwa vidonge vinafanya nini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya ngozi, na mgonjwa anayeniumiza roho kuliko wote ni yule anayerudi. Aliondoka vidonda vimekauka, anakula ugali bila machozi. Anarudi shuka limemgandia mgongoni, tunalilowesha kwa maji ya chumvi na kulibandua polepole lisitoke na ngozi. "Sista, niliviacha vile vidonge. Uso ulivimba, majirani wakaanza kusema ni vya Ukimwi."

Ugonjwa wake ni pemfigasi. Hauambukizi, si mkanda wa jeshi, wala hakuna aliyemroga. Seli za ngozi ya juu hushikana kwa protini ziitwazo desimogleini. Kwake yeye, kingamwili za mwili wake mwenyewe huzishambulia protini hizo. Seli huachana, maji hujaa katikati, na lengelenge hupasuka kwa kuguswa tu.

Kabla ya steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi walikufa. Predinisoloni, steroidi iliyo kwenye vidonge vyake, hutuliza kinga isiendelee kutengeneza kingamwili, ila zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Mbona basi nafuu huweza kuanza mapema? Tafiti za maabara zimeonyesha kuwa steroidi huzigusa seli za ngozi zenyewe, zikaongeza protini za kushikana. Jambo hilo hunitia moyo kila ninapogawa dawa. Lakini vidonge hivyohivyo, vikitumika muda mrefu, huipunguza ngozi unene, huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Tena mwili uliovizoea huacha kujitengenezea homoni yake ya kutosha. Ukivikatisha ghafla unaweza kuanguka, hata kufa.

Rituksimabu, inayoziondoa seli za damu ambamo kingamwili hizo huanzia, iliidhinishwa Marekani kwa pemfigasi mwaka 2018, na natamani kila anayeihitaji hapa aipate. Wengi wa wagonjwa wangu, hata hivyo, wanaishi kwa predinisoloni.

Sasa haya yote anaambiwa na nani? Anakabidhiwa pakiti na maneno "meza asubuhi baada ya kula", basi. Haitoshi hata kidogo. Kabla hajaruhusiwa, aketishwe pamoja na ndugu atakayemtunza, waelezwe kwamba uso utavimba na utapungua dozi ikishushwa, na kwamba anayeishusha, kidogo kidogo, ni daktari. Waandikiwe na namba ya simu ya wodi, wapige kabla ya kuacha hata kidonge kimoja.