Kabambare: Asiyejua kupiga gitaa anaweza kusomea biashara ya muziki?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakishatoka, vijana wa Kabambare wanaanza hesabu ile ile: mwenye diploma aende Kasongo, aende Kindu, ama ashike njia ya machimbo ya Salamabila. Kati yao wako wachache wanaotaka kitu ambacho wazazi wengi hawajasikia: kusomea biashara ya muziki. Si kuimba. Wanataka kuwa watu wa nyuma ya jukwaa, wale wanaotafutia wasanii kazi, wanaoandika mikataba, wanaopanga konseri na kufuatilia pesa ya nyimbo.

Swali linalowakwamisha ni moja. Mtu ambaye hajui gitaa, ambaye hata kwenye kwaya anawekwa nyuma juu sauti yake inakwenda pembeni, shule itamkubali?

Inategemea anapiga hodi mlango gani, na wengi wanapiga mlango usio wao.

Jina la kwanza linalotajwa ni Institut National des Arts ya Kinshasa, INA. Ni shule ya Serikali, na sehemu yake ya muziki inatayarisha wanamuziki: solfeji, ala, sauti. Kijana asiyesoma noti, akijiandikisha pale kwa kufikiri atafundishwa kuuza muziki, anapoteza mwaka na pesa ya mzazi. Lakini ndani ya INA hiyo hiyo kuna sehemu ya animasiyo ya utamaduni, inayohusu kuandaa na kuongoza shughuli za utamaduni. Hiyo ndiyo inayokaribia anachotafuta.

Hata inchi za mbali haziko na sheria moja. Kule Marekani, chuo cha Berklee mjini Boston kinajulikana kwa kutaka waombaji wengi wa digrii wapige ala au waimbe mbele ya walimu kwanza. Belmont, mjini Nashville, haidai jaribio hilo kwa wanaoomba biashara ya muziki. Basi anayeambiwa "hujui kupiga, usiombe" asikubali mbio mbio. Aulize kwanza masharti ya sehemu anayoitaka yeye, si ya shule nzima.

Wanaocheka wazo hili wanasahau rumba yenyewe ilianza kuuzwa na nani. Mwaka 1948 Mgriki Nicolas Jéronimidis alifungua Ngoma pale Léopoldville, na hapo ndipo Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise". Loningisa, iliyomchukua Franco mwaka 1953 akiwa kijana wa miaka 15, ilikuwa ya Mgriki mwingine, Papadimitriou. Hao walikuwa wachuuzi. Walijua bei, walijua soko, walijua mteja anataka nini. Leo rumba iko kwenye orodha ya UNESCO tangu Desemba 2021, lakini faida kubwa ya miaka ile iliishia kwa wenye duka, si kwa wenye sauti. Msanii bila mtu wake wa hesabu anaibiwa mchana kweupe.

Na Kabambare inajulikana hivyo. Wimbo unarekodiwa kwenye chumba chenye kompyuta moja, unapelekwa kwa kijana wa kuchaji simu, naye anaujaza kwenye kadi za wateja kwa franka kidogo. Wiki ya pili unasikika hadi Wamaza. Mwenye wimbo anapata sifa, basi. Sheria ipo: ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na tangu 2011 iko SOCODA, shirika la kukusanya haki za watunzi. Anayetumia wimbo kwa umma anapaswa kulipa, redio za jamii zikiwemo (hapo watu wa redio wengi wanainamisha kichwa). Kinachokosekana ni mtu wa kijijini anayejua fomu inajazwaje.

Hapo lakini panataka ukweli. Kujua muziki kidogo si sawa na kutojua kabisa. Sheria inatenganisha aliyetunga na aliyeimba, na kila mmoja ana haki yake. Mtu asiyeweza kusikia kwamba melodi imetoka kwa huyu, maneno kwa yule, na solo ya gitaa kwa wa tatu, ataandika karatasi yenye makosa, na ugomvi utafuata. Miezi michache na mpiga kinanda wa parokia inatosha kujifunza mapigo, kiitikio na majina ya sauti. Hakuna anayemwomba awe Franco. Na asidanganye kwenye maombi kwamba yeye ni mpiga gitaa: wakimpa gitaa, maneno yameisha.

Kikwazo kikubwa zaidi ni njia. Kinshasa ni ndege kutoka Kindu, na tiketi peke yake inaweza kumeza minervali. Goma ilikuwa na Foyer Culturel na festivali ya Amani iliyoanza 2014, mahali pazuri pa kujifunza kwa mikono namna konseri inavyopangwa. Mnamo Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23 na kiwanja cha ndege kikafungwa. Mzazi gani wa Kabambare atamtuma mtoto huko?

Njia inayobaki ni ndogo lakini ya kweli: uchumi ama sheria pale Université de Kindu. Kwa mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3. Kijana hataona neno muziki kwenye ratiba. Ila kazi ya mwisho anachagua mada mwenyewe, na hakuna kinachomkataza kuandika juu ya pesa ya nyimbo zinazojazwa kwenye kadi sokoni Kabambare: nani anauza, kwa bei gani, na nani hapati kitu. Wasanii wenyewe wangeisoma kabla ya mwalimu.