Beberu Mwenye Taji

SAFU YA JUMAPILI
Na Salma Kombo

Kila tarehe 10 Agosti, mji mdogo wa Killorglin, kaunti ya Kerry nchini Ireland, humtawaza beberu. Hukamatwa milimani, mbuzi mwitu mwenye mapembe na ndevu zake. Msichana wa shule aliyechaguliwa kuwa malkia humvika taji, naye hupandishwa kwenye jukwaa refu katikati ya mji. Hapo mjini hufanyika mnada: watu huuza farasi na ng'ombe, hunywa na kucheza. Mwishoni mfalme huvuliwa taji, akarudishwa milimani.

Ukiwauliza wenyeji asili ya sherehe hii, utasimuliwa habari za jemadari wa Kiingereza Oliver Cromwell: askari wake walikuja wakipora, wakatawanya kundi la mbuzi, beberu mmoja akatimua mbio hadi mjini, watu wakajua adui yu njiani. Kisa kitamu, ila tarehe zinakisuta. Cromwell alitia mguu Ireland mwaka 1649, ilhali mnada huu wa Agosti umetajwa kwenye hati ya mwaka 1613, iliyompa Jenkin Conway haki ya kutoza ushuru kwa kila mnyama aliyeletwa.

Kisa cha pili kinamhusu wakili Daniel O'Connell. Inasimuliwa kwamba mwaka 1808 serikali ilipiga marufuku ushuru katika minada ya ng'ombe, farasi na kondoo. Mwenye mnada alipolia hasara, O'Connell akaisoma sheria, akaona mbuzi hawakutajwa. Beberu akapandishwa juu ili kila mtu aone kuwa huu ni mnada wa mbuzi, na ushuru ukaendelea kutozwa!

Wapo pia wanaosema mambo haya ni ya kale zaidi, mabaki ya sikukuu ya mavuno kabla ya Ukristo.

Wanahistoria wataendelea kubishana, na wana haki. Mimi naona visa hivi vina ushahidi wa aina nyingine. Kimoja kina askari anayepora, kingine kina bwana anayetoza ushuru hata sheria ikimkataza. Wenyeji wangeweza kumtungia mfalme wao hadithi yoyote. Wakachagua hizo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyowauma. Hati ya 1613 inatuambia nani alipewa haki ya kutoza. Waliotozwa haikuwapa nafasi ya kusema neno, wakalisemea kwenye hadithi. Kwa hiyo msomi anayezitupa hadithi za mji kwa kuwa tarehe zimekosewa, amebaki na maelezo ya upande mmoja tu.