Daftari Linalojilinda

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zama hizi za kompyuta yafaa kuongeza neno: hata daftari lipo, kama halikaguliki, mwenye haki aweza kupotea pamoja na mali.

Uingereza imetoa funzo chungu. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani, wengi wao kwa ushahidi wa mtambo wa hesabu uitwao Horizon. Baadhi walifungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtambo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta mamia ya hukumu hizo. Njia ya msimamizi ya kuchunguza upungufu aliooneshwa ilikuwa finyu mno.

Dawa yake si mtambo mkubwa zaidi, bali kumbukumbu sahili. Kila muamala uwe na mstari wake, wenye namba, tarehe na kiasi. Kosa lisifutwe, lisahihishwe kwa mstari mpya. Kisha kila mstari ufungwe kwa ule uliotangulia.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili kwa kalamu. Chukua namba ya uhakiki ya mstari uliotangulia, ongeza namba ya muamala na kiasi chake, gawanya kwa 97, kisha andika baki. Tuseme muamala wa 1 ni shilingi 5,000, na mwanzo ni 0. Jumla ni 5,001. Baki ni 54. Muamala wa 2 ni shilingi 1,200: 54 na 2 na 1,200 ni 1,256, baki ni 92. Sasa mwizi abadili 5,000 kuwa 4,000. Baki la kwanza lawa 24, na la pili 62. Uongo wa mstari mmoja umeuvuruga mstari unaofuata.

Hesabu hii ya darasani ni dhaifu, kwani mjanja aweza kutafuta kiasi kingine chenye baki lile lile. Kompyuta hutumia kanuni imara zaidi, kama SHA-256. Lakini hata kanuni imara haitoshi iwapo mwenye daftari aweza kulikokotoa lote upya. Ndiyo sababu namba ya mwisho hukabidhiwa shahidi wa nje. Stuart Haber na Scott Stornetta, walioeleza mbinu ya namna hii mwaka 1991, walichagua shahidi asiyehongeka: tangu mwaka 1995 namba yao ilichapwa kila juma katika gazeti la New York Times.

Shule na chama cha ushirika havihitaji gazeti. Namba ya mwisho ya siku yaweza kubandikwa ubaoni, mbele ya macho ya wote. Mtambo usiokubali kukaguliwa na yule unayemshtaki haustahili kuaminiwa mahakamani, wala dukani.